Muonjaji wa Bariyeri

Goreti, mama,

Katika Bujumbura yote, kuanzia hapa Musaga mpaka Gasenyi kule mji unapoishia, hakuna mwanaume mwingine aliyekunywa sumu mbele ya watu, akapangusa mdomo, akaomba kikombe cha pili. Ni baba yako peke yake. Mtoto yeyote wa mtaa huu ukimuuliza atakuonyesha nyumba ya Muonjaji.

Bon. Nimeshajisifu, roho imeshiba, sasa naweza kusema ukweli. Haikuwa sumu, na mimi nilijua kwamba si sumu. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Nitakueleza nilijuaje, na utacheka. Cheka hapo hapo mwanzoni, maana mbele kidogo hutapata nafasi.

Sikuulizi kama u mzima. Nakusikia hapo uani unabishana na mama yako juu ya sweta, basi mzima. Mambo ya sweta, na chumvi, na vidonge vya malaria, na kwamba usimjibu mwanajeshi kabla hajamaliza kuuliza, hayo mama yako ameshayasema yote, na kesho atayasema tena mpaka dereva awashe gari. Mi niliacha shule darasa la nne, mwalimu akafurahi kuliko mimi, kwa hiyo makosa ya kuandika yaache yalale. Ninaandika kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili ulisimama mbele ya kanisa na gauni lako la bluu, na pasteri akakuuliza: "Dada Goreti, huko milimani wauguzi wamekimbia wote. Njia inapigwa risasi. We hauogopi?" Nawe ukajibu: "Naogopa, pasteri. Lakini baba yangu alikunywa kikombe, ili mutu asiyemujua aishi. Mi ni mutoto yake." Kanisa likapiga makofi. Watu wakageuka kunitafuta huko nyuma nilikokaa. Mimi nikasimama. Nikapunga mkono kama mtu anayeomba kura.

Kesho unapanda gari la msafara, unapita kwenye zile kona ambako watu wanashushwa na hawapandi tena, na umesema mbele ya Mungu na wanadamu kwamba unakwenda kwa sababu ya kikombe changu. Ukifa kwenye njia ile, utakuwa umekufa kwa ajili ya uongo wa mlevi. Basi soma kikombe chenyewe kilikuwaje, halafu uamue upya.

Ulikuwa Gitega wakati ule, kwenye shule ya uuguzi. Vijana wa mtaa walikuwa wameweka magogo na mawe barabarani, hatua chache kutoka kibanda changu cha viatu. Wakaiita bariyeri, kama ya wanajeshi. Kila anayepita anaulizwa anatoka wapi, anakwenda kwa nani, baba yake ni nani. Hao wa upande ule na sisi wa upande huu tunaitwaje, unajua. Sitaandika, kalamu yangu haina wino wa hayo. Ikazuka habari kwamba wa upande ule wanatuletea pombe yenye sumu, watumalize bila risasi. Nani aliyekufa kwa pombe hiyo? Hakuna. Lakini habari yenyewe ilikuwa tamu, kila mtu aliipitisha kwa jirani baada ya kuongeza chumvi yake. Mimi pia niliongeza.

Siku moja mama mmoja alishuka kutoka mlimani na bidoni ya urwarwa kichwani, dumu zima la pombe safi ya ndizi. Akaitua nyuma ya kabare, kile kilabu cha pombe, kivulini, akaenda kumtafuta mnunuzi. Mimi nilikuwa nyuma ya kabare kwa shughuli ambayo mwanaume huifanya nyuma ya kabare. Nikaiona. Mrija ulikuwa mfukoni, we unajua mrija wangu haukosekani. Sitasema nilivuta kiasi gani. Nitasema tu kwamba niliporudi kwenye kibanda nilishona soli ya kiatu cha kulia kwenye kiatu cha kushoto.

Halafu nikasikia kelele. Vijana wamemshika mama yule, wanasema ni mmoja wa wale wenye sumu. Yeye kwa haraka akafanya kile ambacho kila Murundi anakifanya akikupa pombe: akajimiminia ili aonje kwanza, mbele ya macho yao. Wakampiga kikombe kikaanguka.

"Hao wanakunywaka dawa ya kuzuia sumu mbele ya kuja," akasema yule mkubwa wao, tuliyemwita Komanda. "Akionja yeye haina maana. Aonje mutu wetu."

Watu wote wakatazama chini. Kulikuwa na katekista pale, kulikuwa na mstaafu wa jeshi mwenye nishani. Kila mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake, ambavyo vingi nilivishona mimi na havikuwa na kitu cha kuchunguza. Ndipo nikatoka kibandani nikiyumba. Wao walidhani nayumba kwa uzito wa jambo.

"Leteni hiyo," nikasema.

Nikanywa. Nikaomba kingine. Tukakaa tukingoja nife, watu wamenizunguka kama maiti ya mtu maarufu, na mimi nikawaimbia. Nilipoimba ubeti wa tatu wakaanza kucheka, halafu wakapiga makofi, na mama yule akapiga magoti akanishika miguu akilia. Nami nikamwachia miguu, Goreti. Nikaiacha pale ashike. Neno moja tu lingetosha: mama, samahani, nimekuibia tangu asubuhi. Sikulisema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu kunyamaza ili nizungumze.

Umeshacheka? Basi sasa weka karatasi chini, ukamsaidie mama yako kufunga sanduku, halafu urudi.

Kesho yake jina langu lilikuwa Muonjaji. Vijana waliniletea kiti. Mimi miaka yote nilishona viatu nimekaa juu ya tairi. Sasa nikaletewa kiti cha mbao chenye mikono miwili na mto mwekundu. Nilikijua kiti kile. Nilishakikalia nikiwa mgeni, kwa mwenyewe, mwalimu aliyehama na watoto wake kwa miguu bila hata kufunga mlango. Nilijua, na nilikaa. Mto ulikuwa laini. Nataka ujue hilo kuhusu binadamu, maana huko unakokwenda watakuletea kiti wewe pia, na hakitakuwa na jina la mwenyewe mgongoni.

Kila aliyepita na kinywaji, wakaniita. "Muzee, onja." Nami nikaonja. Utafikiri nilikuwa nimeota moyo wa simba. Apana. Nilikuwa na akili ya panya. Wote waliopita walikuwa wauzaji ninaowajua, nimekunywa kwao miaka na miaka, wengine nawadai na wengine wananidai. Kila nikionja, makofi. Nikaanza kuamka mapema. Nikanyoa ndevu. Mama yako akaniuliza, "Baba Goreti, una mwanamuke huko barabarani?" Ingekuwa heri angekuwa mwanamke.

Halafu akaja yule mtu.

Alikuwa anasukuma baiskeli, na bidoni imefungwa nyuma kwa kamba ya migomba. Sweta ya kijani, imeshonwa viwiko. Mdomo wa bidoni umezibwa na jani la mgomba lililokunjwa vizuri, na juu yake kamefungwa kauzi, kama mtu anayefunga zawadi. Komanda akamwuliza anatoka wapi, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, maneno ya sokoni tu, na Kirundi chake cha mbali, cha kuvuta vuta. Hakuna aliyemjua. Mimi pia sikumjua.

"Fungua hiyo, muzee aonje," wakamwambia.

Akashika mdomo wa bidoni kwa mikono miwili. "Apana, bana bangu. Hii ni ya ukweni. Haifunguliwe mu njia."

Wewe ni Murundi, huhitaji kuelezwa. Pombe ya kumchumbia mtoto inafika imefungwa. Mwenye kuifungua ni baba mkwe, na mwenye kuionja kwanza ni aliyeileta, mbele ya wazee, na anasema maneno yake. Ukiifungua barabarani umempelekea mkwe mabaki ya njia, na binti anaweza kukataliwa. Mtu yule alikuwa anamwombea mwanawe mke, katika vita, akavuka milima na baiskeli akitimiza kila kitu kama baba yake alivyotimiza. Kila mmoja wa vijana wale aliijua desturi ile. Wengine walikuwa wamezaliwa kwa pombe iliyobebwa hivyo hivyo. Lakini pale kwenye magogo walisikia neno moja tu: anakataa kufungua.

Wakaifungua wao. Wakaimimina kwenye kikombe changu, wakanipa.

Nilikuwa sijanywa kitu siku ile. Mikono ilikuwa yangu, macho yalikuwa yangu. Nikanusa. Kulikuwa na harufu nisiyoijua chini ya ile ya ndizi, tamu, nzito. Moyo wangu ukaniambia, leo ni yenyewe. Nikamtazama yule mtu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama lile jani lake chini kwenye vumbi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeharibiwa arusi ya mwanawe. Hata hofu alikuwa bado hajaanza kuipata. Uso ule ulitosha, Goreti. Mtu mwenye sumu anakitazama kikombe.

Niliuona uso ule. Na bado nikasema, "Ngojeni kwanza."

Maneno mawili. Maana yake ilikuwa: ngojeni mimi, moyo wangu utulie, nitakunywa. Naapa nilikuwa nakwenda kunywa. Labda. Siku zingine naapa, siku zingine siapi. Lakini Komanda alisema, "Muonjaji amekataa," na mkono wangu ukiwa bado umeshika kikombe hewani, wakamchukua. Wakashuka naye upande wa korongo. Nilimsikia akisema jambo la baiskeli, kwamba ni ya kuazima, wairudishe. Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Ningeweza kunywa wakati ule, nikakimbia nikawaonyesha kikombe kitupu: tazameni, nimekunywa, nimesimama. Kutoka pale mpaka korongoni si mbali. Nilikuwa na miguu. Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza mpaka swali lenyewe limechakaa. Nafikiri nilikuwa naogopa kuonekana nimebadilisha neno. Kifo sikukiogopa tena saa ile. Niliogopa Komanda aseme, kumbe muzee huyu hajui anachokisema.

Wakarudi, wakanawa mikono. Halafu wakakaa kwenye mawe, Goreti, wakachukua ile bidoni ya sumu, wakaanza kunywa.

Wote. Bila kuulizana. Mmoja akanijazia kikombe, yule kijana aliyekubebea sanduku mpaka kwenye basi ulipokwenda Gitega mara ya kwanza, unamkumbuka, mpole sana. Akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Muzee, leo ulichelewa," akasema. Wakacheka.

Nikanywa. Ilikuwa imetiwa asali. Ndiyo ile harufu. Huko kwao, pombe ya ukweni wanaitia asali.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu pekee ninachojua, na ninakuachia kwa sababu sina shamba. Hakuna mtu pale bariyeri aliyewahi kuogopa sumu. Hata siku moja. Walichotaka ni mtu mzima, wa kwao, mwenye mvi, akae kwenye kiti awape ruhusa kwa njia ambayo hakuna atakayeiita ruhusa. Mimi nilidhani wananipenda. Na labda walinipenda kweli, kwa sababu mtu humpenda anayembebea dhambi zake. Yule kijana mpole sasa anaimba kwenye koro ya kanisa. Jumapili alipiga makofi mpaka akasimama. Sikumwona kama shetani. Niliona kijana mwenye sauti nzuri, na alipokutana na macho yangu, sote wawili tukatazama dari.

Mama yako alijua siku ile ile. Nilipoingia nyumbani alininusa mdomo, akaisikia ile asali. Akaniuliza kitu kimoja: "Ilikuwa ya ukweni?" Nikainama kuvua viatu. Hakunigusa mpaka ilipoisha mvua ya masika, na hajawahi kuniita Muonjaji. Jumapili hukumwona akipiga makofi, ukarudi nyumbani umemnunia, ukamwambia ana wivu na baba. Nilikusikia, na nikala maharagwe yake bila kumtetea. Kabla hujaondoka, rudi kwake. Usimwambie umesoma nini. Mshike tu.

Kuhusu Mungu, unajua mi na yeye tunasalimiana kwa mbali, kila mtu upande wake wa barabara. Lakini we ni mtu wa kanisa, na utasema, baba, ungeomba. Niliomba. Nikiwa nimeshika kikombe niliomba vizuri, kwa Kifaransa hata, ili nieleweke haraka. Na sasa naona kwamba kumwamini Mungu kulikuwa rahisi: yeye hakuja na bidoni. Yule niliyetakiwa kumwamini alikuwa amevaa sweta iliyoshonwa viwiko. Siku ile ya mama wa urwarwa sikuwa na imani yoyote, nilikuwa na taarifa. Siku ya yule mtu wa baiskeli ndiyo niliyoombwa imani, kidogo tu, funda moja, na mfuko ulikuwa mtupu. Tangu hapo kikombe cha meza ya Bwana kikipitishwa, mi natoka nje kama mtu mwenye haja. Pasteri anadhani nina ugonjwa wa kibofu. Ameniombea kibofu mara nyingi, nacho kiko kizuri kabisa.

Ujasiri sijui unafananaje, mama. Sijawahi kuwa nao mikononi nikautazama. Najua tu unavyofanana ule wa bandia: una makofi. Kwa hiyo Jumapili, makofi yalipoanza, nilikuogopea. Nilikuona umenyoosha shingo. Nilijua shingo ile. Ni yangu, siku ya kwanza kwenye kiti.

Lakini sikujui moyo. Labda ungekwenda hata kama ningekuwa mwizi wa kuku. Labda kweli kuna kitu ndani yako kinachosema kuna mwanamke anazaa huko juu na hakuna mkono wa kumpokelea mtoto. Kama ndivyo, nenda, na baba yako hahusiki hata kidogo, na nitakaa hapa niogope kama baba za watu wengine. Lakini kama unapanda kwa sababu umeshasema mbele ya watu na sasa unaona aibu kushuka, basi sikiliza, kwa sababu jambo hili nalimudu kuliko viatu.

Naweza kuanguka. Pale parkingi, watu wote wa kanisa wamekuja kukuaga, pasteri ameanza sala yake ndefu, mimi nashika kifua na naanguka kwenye matope. Nitatoa na povu nikipata sabuni. Utalazimika kubaki, binti gani anamwacha baba anakufa? Msafara utaondoka. Watasema, Muonjaji ameshikwa na woga, amemzuia mtoto, kumbe ni mtu bure. Waseme. Watasema mwezi mzima, na pasteri atanipitia kwenye mahubiri. Itakuwa mara ya kwanza watu hawa kusema kweli kuhusu mimi, na wewe jina lako litabaki safi kama gauni lile la bluu. Hutadaiwa maelezo na mtu yeyote, hata mimi.

Sihitaji unijibu kwa karatasi. Kuna kitu kidogo naomba, na ni haki yangu, kwa sababu Jumapili ulinitumia mbele ya watu bila kuniomba ruhusa, kwa hiyo una deni. Kesho, kabla hujaweka mguu kwenye ngazi ya gari, geuka unitazame usoni. Usinionee huruma na usitabasamu kwa ajili ya watu. Nitazame tu mpaka nijue unapanda kwa sababu ipi kati ya zile mbili. Safari hii nitausoma uso, mama, na sitasema ngojeni. Kama ni nenda, nitasimama wima. Kama ni baki, nitakuwa chini kabla pasteri hajafika kwenye amina.

Baba yako